Bawa halisikii rimoti: kutafuta ubovu kwenye konekta za glaida

Malalamiko mengi yanayofika mezani kwangu hapa Mbeya huanza kwa kuisingizia sevo, yaani kimota kidogo kinachosogeza vibao vya bawa. "Fundi, sevo imekufa." "Kaka, sevo inatetemeka, niagizie nyingine." Ukiitoa sevo hiyo hiyo na kuichomeka moja kwa moja kwenye risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, inazunguka bila shida. Ubovu uko pale bawa linapokutana na bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Glaida, ndege ya mabawa marefu inayoelea hewani bila kutegemea mota, hufunguliwa vipande kila siku ya kurusha: mabawa yanachomolewa, yanafungwa blanketi, yanapakiwa kwenye Noah au nyuma ya pikapu, yanapigwa na rasta za barabarani, kisha yanaunganishwa upya kilimani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hakuna sehemu nyingine ya ndege inayochomekwa na kuchomolewa kiasi hicho, na ndiyo sehemu ambayo wengi huinunua mwisho, kwa hela iliyobaki.

Maelezo haya yanahusu glaida za rimoti zenye upana wa mita 2 hadi 4, zenye sevo mbili au tatu kila bawa: ya aileroni (kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege kushoto au kulia) kuelekea ncha, ya flapu (kibao kinachoshushwa wakati wa kutua) karibu na bodi. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu mtu huja na dalili, haji na chanzo.

Konekta utakazokutana nazo

Ya kwanza ni plagi ya kawaida ya sevo: pini tatu kwa mstari, milimita 2.54 kutoka pini hadi pini. Hasi ni waya mweusi au wa kahawia, chanya ni mwekundu na hukaa katikati, ishara ni mweupe, wa njano au wa chungwa. Inafaa kwa glaida nyepesi. Ubaya wake ni kwamba sevo mbili kila bawa zina maana ya plagi nne zinazofanana, na hakuna klipu inayozishika zisichomoke.

Ya pili ni ile ya kijani yenye pini sita, iliyozoeleka kwa jina la MPX, kutoka kampuni ya Kijerumani ya Multiplex. Pini zake ni nene na inashika kwa nguvu, kiasi kwamba wengine huitumia hata kwenye betri ya mota.

Ya tatu ni konekta ya umbo la D yenye pini tisa, ile iliyokuwa nyuma ya kompyuta za zamani. Familia hiyo ya konekta ilitolewa na kampuni ya Cannon mwaka 1952, na hadi leo unaweza kuipata kwa wauza vifaa vya elektroniki au kuing'oa kwenye kompyuta chakavu. Pini yake moja hubeba ampea 3 hadi 5 kutegemea ubora, na hiyo inatosha.

Msimamo wangu nautaja mapema: sevo mbili kwa bawa, weka ya kijani, sevo tatu au nne, weka ya D. Plagi za sevo tupu niwaachie wenye glaida za chini ya mita 2. Lakini aina ya konekta ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni namna inavyounganishwa: kwa mkono, ukiiona, waya ukiwa umening'inia kidogo, au imegandishwa kwenye ubavu wa bawa na ubavu wa bodi ili ijichomeke yenyewe bawa linapoingia. Ya mkono husahaulika. Ya kugandisha haisahauliki, ila isipokaa sawasawa inakula pini zake polepole, na wewe huoni.

Kabla ya kuanza kupima

Kama glaida ina mota puani, toa propela au chomoa waya za mota. Washa rimoti kwanza, ndipo betri ya ndege. Betri ya LiPo (ya lithiamu-polima) iliyovimba usiitumie hata kwa majaribio ya dakika moja.

Andaa multimeta, waya mmoja mrefu wa sevo unaojua ni mzima, karatasi na kalamu. Kamera ya simu ikivutwa karibu ni lenzi tosha ya kukagulia pini.

Na onyo kuhusu mlio wa mita, kwa sababu umewadanganya wengi: multimeta nyingi hupiga mlio hata njia ikiwa na ukinzani wa makumi ya omu. Kwa sevo, hata omu moja ni ugonjwa mkubwa. Mlio unakuambia waya haujakatika kabisa. Haukuambii kwamba unaweza kubeba mzigo.

Anza kwa kuhesabu: ngapi zimegoma?

Kwenye bawa lenye sevo mbili, chanya na hasi mara nyingi huwa za pamoja, na kila sevo ina waya wake wa ishara. Hapo ndipo penye jibu la haraka. Sevo moja ikigoma na jirani yake inafanya kazi, tafuta waya wa ishara wa ile moja, au sevo yenyewe. Zote mbili za bawa hilo zikigoma kwa wakati mmoja, acha sevo. Nenda kwenye hasi au chanya ya pamoja, na nakushauri uanze na hasi. Mabawa yote mawili yakigoma, tatizo haliko kwenye bawa: rudi kwenye risiva, swichi na betri.

Kanuni hiyo peke yake inaokoa bei ya sevo.

Dalili: sevo moja imekaa kimya

Chanzo kinachoongoza ni plagi kutochomekwa, au kuchomekwa kinyume. Plagi za sevo zisizo na ukingo wa pembeni huingia pande zote mbili. Kwa kuwa chanya iko katikati, kugeuza kwa kawaida hakuunguzi kitu. Sevo hukaa kimya tu. Igeuze ujaribu.

Chanzo cha pili ni pini iliyorudi nyuma. Ndani ya plagi kila pini hushikwa na kijiulimi kidogo cha plastiki. Kikilegea, ukichomeka pini inasukumwa nyuma na haigusani. Angalia uso wa plagi: matundu matatu yanapaswa kuonyesha chuma kwa kina kilekile. Iliyozama isukume kutoka nyuma kwa ncha ya sindano hadi isikike ikibana. Kijiulimi kikiwa kimevunjika, badilisha kichwa cha plagi, usimimine gundi.

Cha tatu ni waya uliokatika mahali lehemu inapoishia. Waya wa nyuzinyuzi ukilowa lehemu unakuwa mgumu, na kila ukipinda unapinda pale pale ugumu unapokoma. Nje gamba ni zima, ndani nyuzi zimekatika. Vuta kila waya taratibu, mmoja mmoja. Uliokatika unanyooka kama mpira.

Vyote hivyo vikiwa sawa, chukua ule waya mrefu wa majaribio, peleka risiva moja kwa moja kwenye plagi ya sevo ndani ya bawa, ukiiruka konekta. Ikifanya kazi, konekta ina kesi. Isipofanya, hapo sasa unaweza kuilaumu sevo.

Dalili: sevo zinatetemeka au zinakuwa nzito flapu zikishushwa

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Mtu hubadilisha sevo, akaagiza yenye nguvu zaidi, tatizo likaongezeka, kwa sababu sevo yenye nguvu inavuta mkondo mkubwa zaidi kupitia njia ile ile mbovu.

Fanya hesabu kidogo. Chukua glaida ya mita 3. Kutoka risiva hadi sevo tuseme ni mita 1. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 2 za waya. Waya wa milimita za mraba 0.14, ambao ni wa kawaida kwenye sevo ndogo, una ukinzani wa karibu omu 0.125 kwa kila mita. Mita 2 ni omu 0.25. Wakati wa kutua unashusha flapu na kuinua aileroni kwa pamoja ili ndege ipunguze mwendo, na upepo unazisukuma zote. Sevo mbili zinazochangia waya huo zikivuta ampea 1.5 kila moja, una ampea 3, na volti 0.75 zimepotea njiani. Kama risiva inatoa volti 5, sevo inapata 4.25. Waya wa milimita za mraba 0.34 kwa safari hiyohiyo ungepoteza volti 0.3 tu. Sasa ongeza konekta iliyolegea yenye omu 0.1: volti 0.3 nyingine zimeondoka.

Kuna jambo jingine baya zaidi ya sevo kupungukiwa nguvu. Sehemu ya upotevu huo iko kwenye waya wa hasi, na sevo inaisoma ishara kwa kuilinganisha na hasi yake. Risiva nyingi hutoa ishara ya volti 3.3. Hasi ya upande wa sevo ikipanda kwa volti 0.4, ishara inayoonekana na sevo ni 2.9, na inapanda na kushuka kila mzigo unapobadilika. Sevo inasitasita, inatetemeka, mtetemo unavuta mkondo zaidi, hasi inapanda tena. Ndiyo maana nasema anza na hasi.

Vyanzo, kuanzia kinachojirudia zaidi:

Tundu jike lililopanuka. Baada ya kuchomeka mara nyingi, au mara chache kwa kuyumbisha, kibano cha ndani kinaachia. Chomeka na kuchomoa: ikitoka bila ubishi, imechoka. Tundu la plagi ya sevo linaweza kubanwa kidogo kwa ncha ya sindano, ila hiyo ni dawa ya kumalizia siku, si ya kudumu. Konekta ya kijani na ya D usizibane, badilisha.

Lehemu baridi. Lehemu nzima inang'aa na imetambaa kwenye waya; baridi imekaa kama tone la kijivu lililobebwa juu tu. (Lehemu isiyo na risasi huwa na rangi iliyofifia hata ikiwa nzima, kwa hiyo angalia zaidi namna ilivyotambaa.) Ipashe tena moto ukiwa na resini kidogo. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi bati na mabomba. Inaendelea kula shaba miezi kadhaa baada ya wewe kusahau.

Waya mwembamba. Hapa hakuna ujanja: toa, pitisha wa 0.34 au 0.5. Kama konekta yako ni ya kijani na una sevo mbili, pini mbili zitumie kwa ishara, kisha chanya ipe pini mbili na hasi pini mbili. Pini hizo umezilipia tayari, na watu wanaziacha zikae bure.

Kiungio cha flapu kinachokwama. Kabla ya kulaumu umeme, chomoa kifimbo cha flapu na uisogeze kwa kidole. Ikiwa nzito, sevo inapigana na gundi au bawaba, na konekta inateseka bila kosa.

Upimaji wa kweli ni huu: weka mita kwenye milivolti, gusa ncha moja upande wa bodi na nyingine upande wa bawa wa pini ileile, konekta ikiwa imefungwa. Mwenzako aikandamize flapu kwa kiganja huku rimoti ikiisukuma, asiishikilie zaidi ya sekunde mbili. Pini nzima yenye ampea 1 inaonyesha milivolti chache. Ikizidi 20 anza kuishuku. Ikifika 100 iondoe. Fanya hivyo kwa hasi na chanya, mabawa yote mawili, uandike. Tofauti kati ya kushoto na kulia inasema mengi kuliko namba yenyewe.

Dalili: risiva inajizima na kuwaka

Wengi huichanganya na dalili iliyopita. Upotevu ndani ya bawa unaidhoofisha sevo, hauizimi risiva. Risiva ikizima, volti zimepotea kati ya betri na risiva: betri dhaifu, swichi ndogo ya bei rahisi, plagi ya betri iliyolegea, au kipunguza volti kilichozidiwa. Pima kwenye tundu tupu la risiva huku unazungusha vijiti vyote viwili vya rimoti. Kwa mfumo wa volti 5, ikishuka chini ya 4.5 usirushe. Risiva nyingi hushindwa volti zikikaribia 3.5, na hapo huna ndege tena hadi ijiwashe.

Bawa linaweza kuizima risiva kwa njia moja: shoti. Kwenye mabawa ya kaboni, ukingo uliokatwa bila kusuguliwa msasa unakwaruza gamba la waya, na kaboni inapitisha umeme. Shoti ya namna hiyo inakuja na kuondoka kadiri bawa linavyopinda. Chomoa bawa moja, pima upya. Chomoa la pili. Likipatikana, valisha waya bomba la plastiki mahali linapopita.

Dalili: nyumbani nzima, mlimani mbovu

Wa Mbeya, Njombe na Makete wanaijua hii. Umejaribu sebuleni, kila kitu sawa. Umefika Isyonje au juu zaidi kwenye milima ya Uporoto, aileroni ya kushoto haipo. Watu huusingizia mwinuko. Mwinuko haufanyi kitu kwenye umeme wa volti 6.

Barabara ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Plagi zinazoning'inia zikipigwa kwa saa mbili, pini hurudi nyuma na lehemu zilizochoka hukatika. Kuna pia ubovu wa taratibu: viungo viwili vya chuma vikisuguana kidogo kidogo bila kuchomolewa hujitengenezea unga mwembamba wa oksidi, hasa vikiwa vya bati. Chomoa na kuchomeka mara tano, kisha jaribu. Dalili ikiondoka, usifurahi, itarudi, safisha. Na usichanganye pini ya dhahabu na tundu la bati. Dhahabu kwa dhahabu, bati kwa bati.

Umande ni wa pili. Bawa lililolala kwenye gari la baridi likifunguliwa jua linapotoka, unyevu unagandia kwenye chuma. Tone la maji kwenye volti 5 halizimi sevo siku hiyo. Kazi yake ni ya wiki zinazofuata: likikaa kati ya chanya na pini jirani wakati betri imeachwa imechomekwa, shaba inalika na kuacha ukoko wa kijani. Ukiuona ukoko huo, safisha kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, acha ikauke kabisa. Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji ndani yake. Inafaa, ila ipe muda mrefu zaidi. Msasa usiupitishe kwenye pini ya dhahabu, utaondoa dhahabu yenyewe. Mafuta ya kulegezea kutu nayo yasiingie humo, yanabaki na kukamata vumbi.

Kwa wenzetu wa Iringa na upande wa Makambako shida ni vumbi kuliko umande, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Konekta ya bodi huwa imetazama nje, wazi, ndege ikiwa imelazwa majanini. Kipande cha tepu juu ya tundu kila mabawa yanapotoka kinatosha.

Baridi yenyewe inagusa betri. Asubuhi ya Juni au Julai huko juu, pale umande unapokuwa barafu, LiPo inatoa volti pungufu ikibebeshwa mzigo, na konekta iliyokuwa inavumilika nyumbani haivumiliki tena. Weka betri ndani ya koti hadi dakika ya kurusha, ncha zake zikiwa zimefunikwa na bila funguo wala sarafu kwenye mfuko huohuo.

Jaribio la mlimani: mabawa yamefungwa, mwenzako anashika ncha ya bawa, analipinda juu, chini, na kulizungusha kidogo, wewe ukitazama aileroni bila kugusa vijiti. Kisha rudia kijiti kikiwa kimeshikiliwa upande mmoja. Kusita kokote ni kurudi nyumbani.

Dalili: flapu inaitikia kijiti cha aileroni, au pande zimebadilishana

Plagi nne zinazofanana, giza la asubuhi, na haraka. Weka alama ya rangi kwenye kila jozi, bodi na bawa, kwa rangi ya kucha. Penseli hufutika.

Likijitokeza baada ya kulehemu konekta mpya, ni kosa la kioo. Ukiitazama konekta usoni, pini ya kwanza iko upande mmoja. Ukiigeuza kuilehemu, imehamia upande wa pili. Wengine pia hupanga nyaya za bawa la kushoto kinyume cha la kulia ili zipendeze. Usifanye. Fuata namba, kwenye konekta ya D zimechongwa kwenye plastiki kwa maandishi madogo, pini 1 hadi 9. Kushoto na kulia ziwe namba zilezile kwa kazi zilezile, na mchoro ubaki kwenye karatasi ndani ya sanduku la ndege.

Kabla ya kuchomeka sevo kwa mara ya kwanza: hakikisha hakuna njia kati ya chanya na hasi, washa, pima volti kwenye plagi zilizo ndani ya bawa. Chanya na hasi zikigeuka, sevo inaungua hapo hapo na hakuna tiba. Na kabla ya kila kurusha: kijiti kulia, aileroni ya kulia ipande. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Dalili: bawa linabakiza mwanya

Kwa konekta ya mkono, nyaya zilizorundikana nyuma yake zinazuia bawa. Panua tundu la ubavu au punguza urefu. Kwa ya kugandisha, konekta hazijakaa uso kwa uso. Usilazimishe. Nguvu yote inaishia kwenye pini, na kila unapovuta bawa unang'oa lehemu. Zikate gundi, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, paka epoksi upande wa bawa, funika viungo kwa tepu na mafuta mazito kidogo ili gundi isipenye, funga bawa, acha ikauke zikiwa zimeshikana. Upande mmoja ukiachwa na mchezo wa nusu milimita ni bora zaidi.

Konekta haishiki bawa, hata ile ya kijani inayobana sana. Kazi hiyo ni ya fimbo ya kuunganishia na tepu au klipu ya ubavuni.

Dalili: joto, harufu, plastiki iliyolainika

Chomoa betri kwanza. Hapa hakuna kupima huku umewasha. Konekta ya sevo za glaida haitakiwi kuwa ya moto hata kidogo. Ikiwa hivyo kuna shoti, sevo iliyokwama, au pini moja inayobeba mzigo wa pini nne. Plastiki iliyokwisha kulainika haishiki tena pini mahali pake, kwa hiyo pande zote mbili, dume na jike, zinakwenda na maji. Kubadilisha upande mmoja ni kupeleka ugonjwa kwenye konekta mpya.

Ukibadilisha konekta mwenyewe

Chomeka dume na jike pamoja wakati wa kulehemu, hata kama jike ni la zamani. Plastiki ikilainika kwa joto, pini zinabaki zimenyooka. Chuma cha kulehemu kiwe karibu nyuzi 350, ncha safi. Paka lehemu kwenye waya na kwenye pini kando kando, kisha viunganishe kwa sekunde mbili au tatu. Pumzisha kabla ya kwenda pini inayofuata. Kila waya uvalishwe mpira wake wa kubana kwa joto, na nyuma ya konekta mimina gundi ya moto kidogo ili waya upinde mbali na lehemu. Ya mkono ifungie kitanzi cha uzi. Utavuta uzi, hutavuta nyaya.

Hapa simama, mwone fundi

LiPo iliyovimba, iliyotoboka au iliyopata shoti: iweke nje, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na nyumba, na usiichaji tena. Waya ulioungua ndani ya bawa lililofungwa: kuufikia kunahitaji kupasua ngozi ya bawa, na kisu kikigusa boriti ya kaboni, bawa linaweza kuonekana zima na likavunjika hewani. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kujenga mabawa, si fundi simu. Risiva inayojizima hata mabawa yakiwa yametolewa na betri ni nzima: usiifungue. Glaida nzito ya mita 4 iliyowahi kupoteza sevo hewani, hata mara moja, ipitiwe na mtu wa pili kabla ya kupaa tena. Majaribio ya kurusha yafanyike mbali na watu na mbali na njia za ndege za uwanja wa Songwe. Kuhusu ruhusa, waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Kitulo usirushe bila kibali cha hifadhi.

Ukimpelekea fundi, mpe mabawa yote mawili, bodi, rimoti na betri iliyochajiwa, pamoja na ile karatasi ya namba za pini na milivolti ulizopima. Akipokea bawa moja bila bodi, hana cha kupima nacho, na atakachofanya ni kukuuzia sevo.